Bunduki ya Foire na Vyake Vyote

Munaniandikia kila siku kwenye simu mpaka batri inalia: "Ruphin, wewe njo ulinunua bunduki kule foire ya Niemba. Tuambie, kule ni bei ao ni wizi? Twende, ao tungoje fundi?"

Haya. Leo najibu.

Ni bei. Ni bei nzuri kupita. Kwa yale makuta nilitoa siku ile, sijaona mutu ndani ya Kalemie muzima alibeba vitu vingi kunipita.

Shida ni moja tu: sikujua ninanunua nini.

Wewe mwenye unanikuta leo njiani, nikupashe haraka. Mimi ni Ruphin wa Kataki. Baba hayuko, mama hayuko, na tangu Laure alipanda boti ya Kigoma na yule muuza mawese, muke naye hayuko. Nyavu zangu ziliibwa. Pikipiki yangu ililala ndani ya mto, mulisoma, mukacheka. Mara ya mwisho hadisi yangu niliiacha kwa Papa Eugène, mwenye mashamba ya mahindi upande wa Niemba. Aliniambia hivi:

"Nguruwe ya pori wananimaliza. Leta bunduki yako ya kuwinda. Nitakupa nyumba katikati ya walinzi wengine na famili zao. Utakula na sisi."

Utakula na sisi!

Mwingine angesikia kazi hapo. Mimi nilisikia paka hayo maneno matatu tu. Sababu ukipika bugali ya mutu mumoja, hata sufuria inakuangalia vibaya. Unageuza mwiko, unasikia mwiko tu. Unanawa mikono, hakuna wa kumupa maji.

Ila bunduki sikuwa nayo. Na Papa Eugène alisema Jumatatu.

Sasa, hii "foire", ni kusema soko la maonyesho, ni sisi tuliipa jina. Kwa kweli ni siku wawindaji wote wanaleta bunduki zao Niemba zipigwe chapa na watu wa Serikali: hii ni ya kuwinda, huyu njo mwenyewe, sawa, nenda. Wanazipanga chini, juu ya mahema ya kutandika, mustari murefu pembeni ya reli. Basi, watu wakiona vitu vimepangwa chini juu ya hema, nani atakosa kuuliza bei? Mumoja aliuliza, wa pili akauliza. Leo kuko mishikaki, kuko muziki, kuko wamama wa pombe. Njo foire yenyewe.

Dieumerci njo alinipeleka na pikipiki yake. Dieumerci ni rafiki yangu, motari, mudomo wake hauna breki.

Tulianza kwa Papa Kalala, fundi wa bunduki. Huyu hana hema la kuonyesha kitu. Ana kiti na kipande cha kamba.

"Nyoosha mukono," akaniambia.

Nikanyoosha. Akapima toka bega mpaka kidole, akafunga fundo kwenye kamba. Akapima shingo, akafunga fundo lingine.

"Bega moja limeanguka. Ulikuwa unavuta nyavu?"

"Ndiyo, Papa."

"Nitaikata kufuata hilo bega. Rudi mvua ikiisha."

"Mvua ikiisha! Papa, kazi yangu inaanza Jumatatu!"

"Mbao haijui Jumatatu."

Nikamuuliza bei. Akaisema. Nikaangalia viatu vyangu.

"Na zile za pale chini?" Dieumerci akamuuliza, akionyesha mustari wa reli. "Zile ziko tayari, na ni nusu ya bei yako!"

"Zile kila moja ina mwenyewe," Papa Kalala akasema. "Munapashwa kuuliza kwanza mwenyewe ni nani. Na iko wapi."

"Ruphin, twende," Dieumerci akanivuta. "Huyu muzee anakupima kama sanduku la maiti."

Tukaenda. Mungu wangu, kama ningebaki pale kwenye kiti!

Mwisho wa mustari tukakuta kijana mumoja na bunduki moja. Shati mupya, miwani ya jua. Alijiita Chérubin. Bunduki yenyewe ilikuwa ya mutu mukubwa: mbao nyeusi, misumari ya shaba imepangwa kama nyota upande wa kushoto, mukanda wa ngozi. Pembeni kulikuwa kifuko cha baruti na pembe ndogo ya mbawala.

"Ni bei gani?"

Akasema bei. Mimi kabla sijafungua mudomo, akashusha. Nikakohoa. Akashusha tena!

Dieumerci akanipiga kiwiko. "Chukua! Huyu ana haraka ya choo."

"Inapiga?" nikauliza.

"Hii? Kaka yangu aliangusha nyati nayo."

"Na kaka yako iko wapi?"

"Alienda na mambo ya Nyunzu."

Kwetu huku mutu akisema "mambo ya Nyunzu", unaangalia chini, hauulizi tena. Ni ile miaka watu walichinjana kule, vijiji vikamwagika njiani, wengine hatukuwaona tena.

"Pole, ndugu."

"Aksanti. Unaichukua?"

"Naichukua."

Akatoa miwani yake. Akaniangalia machoni. "Na vyake vyote?"

Nikaangalia mukanda. Nikaangalia kifuko, na ile pembe. Ndani ya roho nikasema, eh! Huyu mutu ananiuzia nusu bei, na ananiongezea matabishi ya bure juu!

"Na vyake vyote!"

"Sema kwa nguvu. Wasikie."

"NAICHUKUA NA VYAKE VYOTE!"

Watu wakageuka. Muzee mumoja akavua kofia. Mama wa mishikaki akaacha moto wake, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Kiisha wote wakaanza kupiga makofi, yale ya polepole, ya mikono ya kukunja, vile wanapigiaka chef wa kijiji.

Mimi nilifikiri wananipongeza kwa bei.

Chérubin akanipa bunduki kwa mikono miwili. Akapiga goti. Ulisha kuona muuzaji anapigia mununuzi goti? Kiisha akasimama, akapumua kama mutu ameshusha gunia la simenti, akaingia kati ya watu, akapotea.

Dieumerci akanipiga foto. Bunduki begani, kifua mbele. Nikaiweka kwenye Facebook, nikaiweka kwenye statut ya simu, nikaandika: "Leo Ruphin ni mwanaume. Foire ya Niemba njo bei!"

Watu wakapenda. Watu wakatuma kwa wengine. Nikafurahi kama mujinga.

Jumatatu asubuhi niko kwa Papa Eugène. Walinzi wamekaa na wake zao. Sufuria kubwa ya maharagi iko juu ya moto, na mama mumoja alikuwa tayari anaongeza sahani ya kwangu. Niliiona kwa macho yangu, ile sahani, ya bluu.

Papa Eugène akaweka debe tupu juu ya kichuguu. "Piga lile."

Nikafunga jicho.

Tak.

"Rudilia."

Tak.

"Ruphin," mulinzi mumoja akasema, "nguruwe watakuja kusikiliza huo wimbo! Watacheza!"

Wakacheka mpaka watoto. Papa Eugène hakucheka. Aliichukua bunduki, akaiangalia, akanirudishia pole pole.

"Mutoto wangu, nilisema bunduki. Sikusema fimbo."

Yule mama akarudisha sahani ya bluu ndani ya nyumba.

Nikapita kwa Papa Kalala nikibeba haya yangu begani. Akaangalia ndani ya mututu, akaingiza waya, akatoa nyumba ya nyigu. Kiisha akafungua kufuli ya bunduki, akanionyesha tundu.

"Musumari wa kupiga hauko."

"Umevunjika?"

"Hapana. Umetolewa, na mukono wenye unajua kazi. Mwindaji wa kwetu akiacha bunduki nyumbani, anatoa musumari, anatembea nao. Watoto wasijiue. Mwenye bunduki hii aliiacha akijua atarudi."

"Unitengenezee mwingine, Papa!"

"Rudi mvua ikiisha."

Nikafika Kataki katikati ya siku, jua linachoma, bila kazi, bila makuta, na bunduki ya kupiga tak. Nilitaka paka kulala tu.

Mbele ya mulango wangu kulikuwa mama muzee amekaa juu ya furushi. Pembeni yake mutoto musichana, wa miaka kama munane hivi. Pembeni ya mutoto, kuku amefungwa miguu.

Mama akasimama, akasafisha kikwembe chake.

"Tumekungojea, Alphonse."

"Mama, umekosea nyumba. Mimi ni Ruphin."

"Sikukosea. Begani umebeba nini?"

"Bunduki."

"Basi."

Na akakaa tena, kama neno limeisha!

"Mama, nani amekuleta hapa?"

"Chérubin njo alitupakiza kwenye lori ya makala ya kupikia. Vijana wa Niemba wana foto yako kwenye simu, tukauliza hapa Kataki, kila mutu anakujua. Mimi ni Monique. Alphonse ni mutoto wangu wa kwanza, baba ya huyu musichana; Chérubin ni wa pili. Yeye njo alipashwa kumupyana kaka yake."

Kupyana, kwa wewe ulikulia mujini na simu tu kama mimi: mutu akifa, famili inatafuta mumoja wa kuchukua jina lake. Anachukua jina, anachukua bunduki, na kazi ya marehemu inakuwa kazi yake. Mama wa marehemu anakuwa mama yake. Watoto wa marehemu wanakuwa watoto wake.

"Alphonse alipotea na mambo ya Nyunzu," Mama Monique akasema. "Miaka yote nilikataa matanga. Niliwaambia: muonyeshe maiti. Mwaka huu famili ikachoka na mimi, wakasema basi, tulie tumalize. Wakamuambia Chérubin: shika bunduki. Akasema, ngoja niipeleke kwanza kwenye chapa. Akarudi mikono mitupu, anacheka. 'Mama, nimepata mutu. Amesema mbele ya wote: na vyake vyote.'"

Nikajishika kichwa. "Mama! Mimi nilifikiri ni mukanda!"

Mama Monique akamuangalia mutoto toka kichwa mpaka miguu. Akarudisha macho kwangu.

"Huyu anafanana na mukanda?"

Mutoto akanyoosha mukono. "Mbote, Papa. Mimi ni Rosine."

Nikamupigia Dieumerci simu. Alicheka mpaka nikasikia pikipiki yake inazimika. "Kaka! Ulienda kununua bunduki, umezaa mutoto wa kusoma! Minerval ya masomo atalipa nani? Nguruwe?"

Nikaomba Mama Monique namba ya Chérubin, nikamupigia.

"Rudisha makuta yangu! Bunduki yako haipigi!"

"Vya foire havirudi, kaka."

"Usiniite kaka!"

"Nikuite nani sasa? Mimi ni mudogo wako. Salimia Mama."

Akakata. Nikarudilia. Simu imezimwa.

Nikaapa: lori ya makala ikirudi Niemba, nawapandisha wote, mama, mutoto na kuku. Nitalala njiani kama ni lazima. Mimi si Alphonse. Mimi sina hata mufuko wa unga.

Nikageuka kumuambia Mama Monique vile. Hayuko.

Alikuwa ndani. Amewasha mbabula yangu ya makala. Amefungua furushi, ametoa unga wake, majani yake ya sombe, na ndagala, samaki wadogo wamekauka, ndani ya karatasi. Anageuza bugali, na ilikuwa bugali ya watu watatu. Munajua sauti ya mwiko ndani ya bugali ya watu watatu? Ni nzito. Nilikuwa nimeisahau.

"Umekula?" akaniuliza, bila kugeuka.

Nikatoka inje kujifanya ninaangalia kuku.

Rosine akaniletea maji ya kunawa. Akaninyunyizia pole pole, vidole vyote. Tukakaa chini. Kulikuwa samaki mukubwa mumoja katikati ya wale wadogo. Rosine akamuvunja kichwa, akakiweka mbele yangu.

"Kambo Monique anasema Papa anakulaka kichwa."

Mimi sikulaka kichwa cha samaki, tangu nazaliwa. Macho yake yananiogopesha. Mama Monique aliacha kutafuna, ananiangalia.

Nikakula kichwa. Nikakula na macho.

Lori ya makala ikapita Jumanne. Nilikuwa kando ya barabara, nikaiona, nikainama kufunga kiatu. Nilivaa sandale.

Ikapita tena Ijumaa. Siku ile sikuinama hata.

Nikapata kazi ya kubeba magunia kule bandari. Nikitoka mugongo unawaka, ila natembea haraka, sababu kuna watu wanaangalia njia. Mama wa jirani, mwenye hakunisalimia tangu Laure anaenda, akapiga kelele juu ya ua: "Papa Rosine! Mutoto wako amevunja kata yangu!" Nikalipa ile kata nikicheka. Papa Rosine! Nilirudilia hilo jina njia yote mpaka kwenye maji.

Rosine akaulizwa jina la baba kwenye masomo. Akasema Alphonse. Akarudi kuniuliza: "Nilijibu muzuri?"

"Ulijibu muzuri," nikasema.

Ila kulikuwa kitu kimoja.

Kila tukimaliza kula, Mama Monique alikuwa anaweka sahani pembeni. Bugali kidogo, mboga kidogo, anafunika na sahani ingine. Mwanzo nilifikiri ni ya kesho asubuhi.

"Mama, ile ni ya nani?"

"Ya mwenye anachelewa."

"Nani anachelewa? Wote tuko hapa."

Akachukua fagio, akafagia pahali pasafi.

Sikuuliza tena. Lakini kutoka siku ile nilikuwa nakula nikiangalia ile sahani. Ilifunikwa, inangoja, na mimi nimekaa pahali pa mwenyewe.

Jumapili tulitoka misa. Mama Monique alikuwa ndani anachambua maharagi, mimi nimeegama kwenye mulango, simu mukononi kama kawaida, nasoma vile munanitukana. Ikaita. Namba sikuijua. Ilianza na namba ya Zambia.

"Alo?"

Upepo. Kiisha sauti ya mwanaume, ya chini, kama mutu hajaongea Kiswahili siku nyingi.

"Wewe njo wa ile foto? Foire ya Niemba?"

"Ndiyo. Unataka bunduki? Siuzi."

"Misumari ya shaba, kama nyota. Mumoja hauko, ule wa chini."

Nikageuza macho. Bunduki ilikuwa inaninginia ukutani, juu ya kitanda cha Rosine. Nyota. Musumari wa chini hauko. Kwenye foto mukono wangu ulikuwa umefunika pale.

Nikamugeuzia Mama mugongo.

"Haipigi, si ni kweli?" akauliza.

Nikakaza simu kwenye sikio.

"Haiwezi kupiga. Musumari wa ndani niko nao hapa. Nauvaa shingoni na kamba tangu nilikimbia. Nilivuka na watu, nikaugua, nikafanya kazi kwa wenyewe huku. Niliambiwa kijiji kiliungua chote, hakuna alibaki. Nikaacha kuuliza. Juzi rafiki amenionyesha foto na namba yako kwenye simu yake, nikaanguka chini." Akapumua. "Ndugu, sitaki bunduki. Kaa nayo. Niambie paka kitu kimoja tu. Mwenye alikuuzia, alisema kama mama yangu iko hai?"

Nyuma yangu maharagi yalikuwa yanaanguka ndani ya sahani, tik, tik, tik.

Yakaacha.

"Ni nani, mwanangu?"

Wasomaji wangu, musikilize muzuri. Toka siku anafika, Mama Monique aliniita Alphonse. Kwa kula, Alphonse. Kwa kulala, Alphonse. Siku ile, mara ya kwanza, hakuniita Alphonse. Aliniita mwanangu. Mimi mwenyewe, wa bega limeanguka.

Nilipashwa kugeuka na kumupa simu. Ni hatua ya mutoto kati ya mulango na ile sahani ya maharagi. Najua. Musiniandikie kuniambia, najua!

"Ni mutu amekosea namba, Mama."

Na nikakata.

Maharagi yakaanza tena. Tik. Tik. Alikuwa anayachambua pole pole kuliko mbele.

Sikuweza kubaki pale. Niliweka simu juu ya kiti, nikachukua bidoni, nikasema naenda kuteka maji. Bidoni ilikuwa imejaa. Niliimwaga nyuma ya nyumba ili nipate sababu.

Kwenye maji nikakuta mustari, nikafurahi juu ya mustari. Nilikaa chini ya jua nikijipigia hesabu ya uongo: iko mbali, iko na maisha yake kule, si alisema mwenyewe kaa nayo? Ila alisema kaa na bunduki. Vyake vyote hakusema.

Nikarudi na maji, nimeamua. Ndugu zangu, ninaapa, nilikuwa nimeamua. Nitaingia, nitapiga goti mbele ya Mama Monique vile Chérubin alinipigia mimi, na nitamupa namba ile.

Kwenye kona ya nyumba nikasikia simu inaita.

Ikaacha kuita.

Nikatupa bidoni, nikakimbia. Mama Monique alikuwa amesimama katikati ya nyumba, sahani imeanguka, maharagi yamesambaa mpaka chini ya kitanda. Haniangalii mimi. Anaangalia mutoto.

Rosine alikuwa ameshika simu yangu kwa mikono miwili, sikioni. Akaniona, akafunika simu na kifua chake, akaongea kidogo kidogo, vile nilimufundisha kufanya mukubwa akiwa kwenye simu.

"Papa, ni mutu mumoja. Analia. Anasema nimutajie jina la baba yangu." Akaangalia bunduki ukutani, akaniangalia mimi. "Nimuambie nani?"